Majina ya Shahada za Vyuo na Madaraja Yake

Watu wengi wametuuliza habari za shahada za vyuo, majina yake na madaraja yake, na kwa nini mambo hayo hubadilika kila baada ya miaka. Maswali haya si ya bure. Twajua nyumba zilizogombana kwa ajili yake, na watu waliokosa kazi, na ng'ombe waliouzwa bila mwenyewe kujua amenunua nini. Kwa hiyo twaona vema tueleze jambo hili kwa utaratibu, ili watendaji wa kata na vijiji, walimu, na wazazi wasomao wapate kulielewa, nao wawaeleze wasiojua kusoma.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe huku Puge, katika Wilaya ya Nzega. Mzee mmoja alitujia asubuhi akiwa na bahasha mbili. Tulipokwisha kuamkiana, yeye na "Mwangaluka" wake na sisi na kuitikia kwetu, alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Wanangu, nisomeeni karatasi hizi, kwani nafikiri nimeaibishwa." Bahasha ya kwanza ilikuwa na shahada ya binti yake, aliyesomea ualimu katika chuo kikuu. Juu yake yaliandikwa kwa Kiingereza maneno Upper Second, na katika karatasi ya matokeo kulikuwa na hesabu ya 3.7. Bahasha ya pili ilikuwa na nakala ya cheti cha kijana wa jirani, aliyeazimwa ili apate kulinganisha. Cheti hicho kilikuwa cha mafunzo ya mwaka mmoja, nacho kilisema First Class.

Mzee akasema, "Mimi nimeuza ng'ombe wanane ili mwanangu awe wa pili. Jirani yangu ameuza mbuzi, na mwanawe ni wa kwanza. Mdogo wake huyu binti amefaulu kidato cha sita, naye anataka kumfuata dada yake. Hatakwenda. Ataolewa."

Basi, wasomaji, tazameni jinsi neno moja katika karatasi liwezavyo kumfungia mtoto mlango. Tulimjibu mzee wetu kwa urefu, na majibu hayo ndiyo tunayoyaandika hapa.

NGAZI KWANZA, DARAJA BAADAYE

Neno shahada ni ndugu ya shahidi na ushahidi. Shahada ni karatasi ya chuo inayomshuhudia mtu ya kwamba amejifunza jambo fulani, kwa kiasi fulani, akapimwa akaonekana anafaa. Kwa hiyo kila shahada hushuhudia mambo mawili: mtu amefika ngazi gani ya elimu, na katika ngazi hiyo amefanya vizuri kadiri gani. Watu wengi hukosea kwa kuwa huangalia la pili kabla ya la kwanza.

Ngazi za Tanzania, kuanzia chini kwenda juu, ni hizi. Kwanza ni Astashahada, ambayo wengi huiita cheti. Pili ni Stashahada, ambayo watu wa mjini huiita diploma. Tatu ni Shahada ya Kwanza, yaani digrii, isomwayo kwa kawaida miaka mitatu au minne, na kwa udaktari wa tiba miaka mitano. Nne ni Shahada ya Uzamili. Tano ni Shahada ya Uzamivu, kana kwamba mtu amezama katika maji ya elimu hata akafika chini kabisa. Vyuo vya ufundi huhesabu ngazi hizo kwa namba, kuanzia 4 mpaka 10. Namba 4 na 5 ni za astashahada, 6 ni stashahada, 7 ni stashahada ya juu, 8 ni shahada ya kwanza, 9 ni uzamili, na 10 ni uzamivu.

Sasa fikirini: kijana wa jirani ni wa daraja la kwanza katika ngazi ya 4. Binti wa mzee wetu ni wa daraja la pili la juu katika ngazi ya shahada ya kwanza. Je, twaweza kuwashindanisha? Ni sawa na kumlinganisha mtoto aliye wa kwanza katika darasa la tatu na mwingine aliye wa tano katika kidato cha pili. Wote wawili wastahili sifa, lakini hawakukimbia mbio moja.

KWA NINI MAJINA HUBADILIKA

Wenyeji wa Unyanyembe hawatashangaa kusikia ya kwamba jina laweza kubadilika na kitu kikabaki. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 waliandika katika vitabu vyao ya kuwa wamefika Kazeh. Leo hakuna mtu aulizaye njia ya kwenda Kazeh. Aulizwayo ni Tabora. Walakini nchi ni ile ile, na njia ya misafara ilipita hapo hapo. Shahada nazo zina historia ya namna hiyo.

Makerere, huko Uganda, ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi. Baadaye ikapanda, ikawa chuo kilichotoa stashahada zake chenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma hapa Tabora katika shule ya Serikali, aliingia Makerere mwaka 1943 akatoka na stashahada ya ualimu, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Wakati ule karatasi ya Makerere ilikuwa ndiyo kilele cha elimu kwa kijana wa nchi hizi. Haikuitwa digrii, kwa sababu chuo hakikuwa na ruhusa ya kutoa digrii.

Mwaka 1949 Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walisoma Kampala, lakini shahada waliyopewa ilikuwa ya London. Mwaka 1961 chuo cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa somo la sheria, nacho pia kilianza chini ya London. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na shahada zikaitwa za Afrika Mashariki. Mwaka 1970 muungano huo ulikwisha, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake.

Kwa hiyo watu watatu waliosomea Dar es Salaam katika muda wa miaka kumi tu waweza kuwa na shahada zenye majina ya vyuo vikuu vitatu: London, Afrika Mashariki, na Dar es Salaam. Asiyejua habari hizi atasema wawili kati yao ni waongo, kumbe wote ni wakweli. Kanuni ni hii: cheti husomwa kwa sheria ya mwaka kilipotolewa, wala hakisomwi kwa sheria ya mwaka huu.

STASHAHADA YA JUU IMEKWENDA WAPI?

Jambo linalowasumbua watu zaidi ni Stashahada ya Juu. Kwa miaka mingi vyuo kama vile cha Uongozi wa Maendeleo huko Mzumbe, na cha Usimamizi wa Fedha huko Dar es Salaam, vilifundisha watu miaka mitatu baada ya kidato cha sita, vikawapa Stashahada ya Juu ya uhasibu, au utawala, au kazi nyinginezo. Vyuo hivi havikuwa vyuo vikuu. Kwa hiyo havikutoa shahada. Walakini Serikali, ilipotangaza kazi, mara nyingi iliandika ya kwamba anatakiwa mtu mwenye Shahada au Stashahada ya Juu, kana kwamba hayo mawili ni mapacha.

Baadaye mambo yalibadilika. Mzumbe ilifanywa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo cha Ardhi, ambacho mwaka 1996 kilikuwa kimewekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipata kuwa chuo kikuu kwa jina lake mwaka 2007. Vyuo vingine vilibaki kuwa taasisi, lakini vikaruhusiwa kutoa shahada chini ya Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo zamani liliitwa NACTE na sasa laitwa NACTVET. Hivyo ile Stashahada ya Juu iliachwa katika vyuo vingi, mahali pake pakawekwa Shahada ya Kwanza.

Matokeo yake ni nini? Bwana aliyemaliza mwaka 1992 ana Stashahada ya Juu, na kijana aliyemaliza chuo kile kile miaka ishirini baadaye ana Shahada. Kijana humdharau bwana yule, naye bwana huona amedhulumiwa. Twamjua mtu mmoja aliyefanya kazi ya hesabu miaka mingi, naye aliambiwa na karani mgeni katika ofisi moja kwamba hana digrii, basi asitarajie kitu. Karani yule alisoma jina lililo juu ya karatasi, akasahau kusoma mwaka ulio chini yake. Mwenye karatasi ya namna hii asinyamaze wala asigombe. Na aombe kwa barua ya kwamba cheti chake kipimwe ulinganifu na Baraza au Tume inayohusika. Tena ajue ya kuwa kulingana katika kazi si lazima kuwe kulingana katika masomo. Chuo kikuu chaweza kumtaka asome kwanza kitu kingine kabla ya kumpokea katika uzamili.

JINA MOJA, VITU VIWILI. KITU KIMOJA, MAJINA MAWILI

Huko Scotland, katika vyuo vikuu vya kale kama Edinburgh, shahada ya kwanza ya masomo ya sanaa huitwa M.A., yaani jina ambalo kwetu ni la shahada ya uzamili. Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata M.A. yake mwaka 1952. Wengi wetu hudhani ya kwamba alirukia uzamili mara moja. Sivyo, ile ilikuwa shahada yake ya kwanza, tena ilikuwa ile ya kawaida, yenye masomo mengi, wala haikuwa ile ya Honours ambayo mtu huzamia somo moja au mawili. Nako Oxford na Cambridge, mwenye B.A. aweza kupewa M.A. baada ya miaka kupita, pasipo mtihani mwingine. Basi M.A. tatu zaweza kuwa vitu vitatu.

Kwa upande mwingine, daktari aliyehitimu Muhimbili huandika M.D. baada ya jina lake, na daktari aliyehitimu Makerere au Nairobi huandika M.B., Ch.B. Herufi ni mbali mbali, lakini wote wawili wamepata shahada ya kwanza ya tiba. Mgonjwa asimkimbie mmoja kwa ajili ya herufi zake.

HESABU YA DARAJA

Sasa twaja kwenye daraja lenyewe. Utaratibu wa vyuo vyetu umetokana na Uingereza, nao ni wa madaraja manne: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na la kupita tu. Daraja hupatikana kwa wastani uitwao GPA, ambao mwisho wake ni 5. Mwenye 4.4 mpaka 5.0 ni wa daraja la kwanza. Mwenye 3.5 mpaka 4.3 ni wa la pili la juu. Mwenye 2.7 mpaka 3.4 ni wa la pili la chini. Mwenye 2.0 mpaka 2.6 amepita.

Wastani huo hufanywa hivi. Kila somo lina uzito wake, na kila alama ya herufi ina pointi zake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A huanza kwenye alama 70 kwa mia, B+ kwenye 60, B kwenye 50, na C kwenye 40. Tuseme A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, na C ni 2. Mwanafunzi amepata A katika somo la uzito 3, hiyo ni 15; amepata B+ katika somo la uzito 3, hiyo ni 12; amepata B katika somo la uzito 2, hiyo ni 6. Jumla ni 33. Uzito wote ni 8. Gawanya 33 kwa 8, utapata 4.1 na kidogo. Huyo ni wa daraja la pili la juu, ijapokuwa ana A moja.

Wazazi wajue mambo matatu hapa. La kwanza, 70 kwa mia katika chuo ni alama kubwa sana. Wasiipime kwa mtihani wa hesabu wa darasa la nne. La pili, watu wa daraja la kwanza kwa kawaida ni wachache, na mwenye la pili la juu ni mtu aliyefanya vizuri; vyuo vingi humpokea katika uzamili pasipo kumsumbua. La tatu, ulizeni siku zote kipimo kinaishia wapi. Huko Marekani mwisho wake kwa kawaida ni 4, na hapa kwetu vipo vyeti vya ngazi za chini vinavyopimwa kwa 4 pia. Mtu mwenye 3.6 katika kipimo cha 4, na mwingine mwenye 3.6 katika kipimo cha 5, ni kama watu wawili waliotia nafaka kiasi kile kile, mmoja katika chombo kidogo na mwingine katika chombo kikubwa zaidi: usiseme wamejaza sawa kwa sababu nafaka yao ni sawa, kwani wa kwanza amekaribia ukingo kuliko wa pili.

MABADILIKO YA KIDATO CHA NNE

Vipimo vya sekondari navyo vilibadilika kwa muda mfupi, na mabadiliko hayo yameacha vyeti vya namna mbili mikononi mwa watu. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2014 haukutolewa kwa madaraja tuliyoyazoea ya I, II, III na IV. Ulitolewa kwa GPA, na maneno Distinction, Merit, Credit na Pass. Watu walilalamika kwamba hawaelewi, na mwanzoni mwa mwaka 2016 Serikali iliagiza madaraja ya zamani yarudi. Basi ukiona cheti cha wakati ule chenye neno Merit, usimrudishe kijana nyumbani ukisema karatasi yake ni ya uongo. Tazama mwaka kwanza.

HESHIMA MBILI

Liko neno jingine linalopoteza watu, nalo ni heshima. Shahada yenye neno Honours ni ya mtu aliyesoma na kufanya mitihani. Shahada ya heshima, kama udaktari wa heshima, hutolewa na chuo kumtukuza mtu kwa kazi aliyoifanya duniani, pasipo mitihani. Mfano ni udaktari wa heshima ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Kwa hiyo mtu aitwaye Daktari aweza kuwa mganga wa hospitali, au aliyezamia elimu akaandika tasnifu, au aliyetukuzwa. Wote watatu twawaita kwa adabu, lakini sindano tutachomwa na wa kwanza tu.

LA KUFANYA

Mwezi wa Aprili mwaka 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa huko Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Tangu hapo ofisi nyingi zimekuwa na hofu na karatasi, na mwenye karatasi ya kweli yenye jina geni huingia katika hofu hiyo hiyo. Kwa hiyo twashauri hivi.

Mtendaji au mwalimu mkuu anayepokea cheti na asome mambo matano kwa zamu: jina la chuo, mwaka, ngazi, daraja, na kipimo cha daraja hilo. Akiona jambo asilolijua, asihukumu, na aulize. Vyeti vya sekondari na ualimu huulizwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Shahada za vyuo vikuu, pamoja na zile za nchi za nje, huulizwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyeti vya vyuo vya ufundi na taasisi huulizwa NACTVET.

Mzazi naye, kabla ya kutoa mnyama zizini, na aulize maswali mawili: chuo hiki kimesajiliwa na nani, na karatasi itakayotoka itaitwa nani? Kuuliza si kumdharau mtoto. Mpagazi wa zamani hakuinua mzigo kabla hajaujua uzito wake na mahali uendako.

Tulipokwisha kumweleza mzee wetu hayo yote, aliichukua tena ile karatasi ya binti yake, akaweka kidole juu ya 3.7, akauliza, "Na ya kwanza yaanzia wapi?" Tukamwambia, "Baba, yaanzia 4.4." Akauliza tena, "Na ya kupita tu?" Tukamwambia, "Yaanzia 2.0." Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Kisha akaikunja karatasi taratibu kuliko alivyoikunjua, akasema, "Basi nilikuwa namwonea. Cheti cha jirani nitakirudisha leo, nami nitampongeza mwanawe, kwani naye amejitahidi." Alipofika mlangoni akageuka, akauliza maombi ya kuingia chuoni mwaka huu hufungwa lini.